Viitikio Ishirini na Tisa

Kazi ya saa kumi na moja ilikuwa imegeuka ya dakika tisa, na Sufiani Mhando hakuwa mtu wa kulificha jambo kama hilo chini ya godoro.

Siku ya kwanza ya mazoezi aliingia ukumbini amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili, akasimama nyuma ya wapiga ngoma, mikono kifuani, akawatazama wanamuziki tisini wakifungua vitabu vyao. Vitabu vilikuwa vya nailoni nyeupe. Karatasi ilikuwa haikai tena Tanga ya Juu. Kuvu jeusi lililopanda mlimani pamoja na watu wa mji uliozama liliila kama mchwa, na likimaliza karatasi lilihamia mapafuni. Kila ukurasa katika vitabu vile ulikuwa umepangwa na Karani, mtambo wa kupangia nota. Na kama Karani alikuwa akikimbia, aliyemfundisha kukimbia ni Sufiani.

"Zinasomeka?" alimuuliza mpiga sello aliyekuwa karibu naye.

"Hata mbuzi angezisoma," mpiga sello akajibu. "Kaa chini, kaka, unatuzibia hewa."

Sufiani hakukaa.

Wimbo uliitwa Njia ya Mkonge. Ulikuwa na beti hamsini na nane, na baada ya kila ubeti kulikuwa na kiitikio. Ukipigwa wote, tangu fidla ya kwanza hadi ngoma ya mwisho, jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Vibarua wa mashamba ya mkonge ndio waliouanza, watoto wao wakauongeza, kisha wajukuu. Tangu maji yalipouchukua mji wa chini, miaka tisa iliyopita, haukuwa umepigwa hata mara moja. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili upigwe tena, mbele ya watu wote waliohama.

Mwalimu Zaharani, kiongozi wa okestra, mtu mfupi mwenye mabega ya mbeba magunia, aliinua mkono, na wimbo ukaanza.

Ulikwenda vizuri. Kiitikio cha kwanza, cha pili, cha kumi, vyote vilitoka vimenyooka kama mistari ya mkonge shambani. Wanamuziki wazee wakaanza kutupiana macho. Sufiani aliwaona wakitupiana macho, akajua wamekunwa.

Kwenye kiitikio cha ishirini na tatu fidla moja ilinyamaza. Riziki Chande, mwanamke wa miaka ishirini na minane, alikuwa ameuinua upinde wake hewani. Aliuacha huko kidogo, kisha akaushusha mapajani. Zaharani naye akashusha mkono, na okestra ikafa kipande kipande, ngoma zikiwa za mwisho kujua.

"Kuna nini, Riziki?"

"Hayupo."

"Nani hayupo?"

"Baba." Alifungua ukurasa wa mbele, akaurudisha. "Hapa ndipo pake, cha ishirini na tatu. Miaka kumi na minane nangoja kukalia kiti hiki nimpige kwa mkono wangu. Nota zake hazimo."

Hapo ndipo wazee walipopata midomo. Mpiga udi akasema mjomba wake alikuwa kiitikio cha nne, naye hayumo. Mwingine akasema yeye alifikiri macho yake ndiyo yaliyokosa. Mpiga nai alikuwa akipekua kitabu chake mbele na nyuma kama mtu aliyepoteza ufunguo.

"Hazimo zipi?" Sufiani aliuliza, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Kiitikio ni kilekile. Kimerudiwa mara hamsini na nane na hakuna hata nukta iliyopotea."

Riziki aligeuka taratibu, pamoja na kiti chake.

"Nani alikwambia ni kilekile?"

*

Zaharani alimweleza nje, kwenye kivuli cha tangi la maji, kwa sauti ya mtu anayesema jambo ambalo hajawahi kulisema.

"Mwanamuziki wa kilabu chetu akifa, siku ya arobaini mwandishi wa nota huenda kwao. Hukaa na wafiwa. Wao humwimbia kile kikolezo alichokuwa akikitia marehemu, ile michezo ya vidole vyake mwenyewe. Vipimo vinne tu, havizidi. Mwandishi hutafuta kiitikio ambacho hakijapata mtu, akakiandika humo, kwenye mstari wa ala yake. Haandiki jina. Anatia nukta moja chini. Basi, kila wimbo ukipigwa, na yeye anapiga."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Halisemwi hilo. Wewe kaburi la mama yako unalitangaza sokoni? Linajulikana na mwandishi, na wenyewe." Zaharani alimtazama. "Bi Mize, mwandishi wetu, hakukwambia?"

"Hatukuonana," Sufiani akajibu.

Ilikuwa kweli, kama ilivyo kweli kwamba aliyefumba macho hakuona kitu.

Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha Karani, akafunga mlango. Hakuhitaji kuuliza. Alijua saa na dakika.

Kupanga nota za okestra si sawa na kupanga barua. Mpiga fidla ana mikono miwili na yote miwili ina kazi. Ukurasa wake sharti uishe pale anaponyamaza, apate nafasi ya kuufungua. Ukisogeza nota moja kwenye ukurasa wa tatu, mstari unafurika, mstari unausukuma mstari, mpaka ukurasa wa mia tatu unakuja kukatika katikati ya pumzi ya mtu. Zidisha kwa vitabu tisini. Karani wa zamani alikuwa akijaribu, akakosea, akarudi nyuma, akajaribu tena, na Njia ya Mkonge ingemchukua saa kumi na moja. Wakati huohuo kurasa za asili, zilizookolewa majini zikiwa zimegandamana kama mkate, zilikuwa zikiliwa ndani ya sanduku lake. Hazikuweza kufunguliwa. Jicho la Karani lilizisoma zikiwa zimefungwa, kwa mwale uliopenya tabaka kwa tabaka, na kila ulipopita mwale, wino uliungua. Ukurasa ulisomeka mara moja tu.

Sufiani alikuwa ameliona la kufanya, na aliliona peke yake, bila mwalimu, kama alivyojifunza kila kitu maishani mwake. Aliukata wimbo mahali pa viitikio, vipande hamsini na nane, akamfanya Karani avipange vyote kwa mpigo. Na kiitikio chenyewe alikifanya muhuri: kisomwe kimoja, kipangwe kimoja, kisha kigongwe mara hamsini na nane. Vingine havina haja ya kusomwa. Vilinganishwe tu kwa juujuu, kwa mwale hafifu usiounguza wino, kazi iishe.

Daftari la mtambo lilikuwa bado limeliweka swali ambalo Karani alimuuliza siku ya kupanga. Aliliita likaja kwenye kioo.

*Viitikio arobaini na kimoja vinatofautiana na cha kwanza, kila kimoja kwenye mstari wa ala moja. Je, ni kosa la mkono? Kuvisoma vyote: saa mbili na dakika nne. Kuvisawazisha: dakika tisa.*

Chini yake, jibu lake mwenyewe. *Kosa la mkono. Sawazisha.*

Saa mbili zingetosha. Kuvu lilikuwa na siku tatu nzima za kula kabla ya kuufikia wino. Lakini Sufiani alikuwa amesimama mbele ya kilabu Ijumaa iliyotangulia na kusema ataupanga wimbo ule kwa muda usiofika dakika kumi, na watu walikuwa wamecheka, na alitaka kuona watacheka na nini.

Na ujumbe ulikuwepo. Ulikuwa kwenye simu yake mpaka leo, sauti ya kizee, ya sekunde tano: "Kijana akifika kwenye viitikio, aje kwangu kwanza." Nyumba ya Bi Mize ilikuwa mwendo wa sigara moja kutoka pale alipokuwa amekaa. Lakini miezi miwili kabla, Sufiani alikuwa amempelekea shairi lake litiwe kwenye nyimbo za kilabu. Bi Mize alisomewa, akasikiliza lote, akamrudishia. "Umekimbilia kina kabla hujapata neno," alimwambia, mbele ya watu wawili. Kwa hiyo ujumbe ulipokuja, Sufiani aliusikiliza, akasema moyoni: mkono wake unatetemeka, macho hana, makosa arobaini na moja, halafu anataka niende nikamwombe radhi kwa kuyasahihisha.

Mchana wa siku ile kurasa za asili zilichomwa, kama sheria ya kuvu ilivyotaka. Aliuona moshi. Alikuwa anakula embe.

*

"Karani anaweza kuvitengeneza," Zaharani alisema kesho yake. Hakuwa amelala vizuri; macho yalimwonyesha. "Si ndiyo? Nimesikia anaweza."

"Anaweza kutengeneza vinavyofanana. Kuna nyimbo nyingine ambazo hao hao walipiga, zilirekodiwa. Anajua namna zao."

"Basi jaza."

"Mwalimu, havitakuwa vyao."

"Na nani atajua?" Zaharani aliketi kwenye kona ya meza. "Nisikilize, bwana mdogo. Hawa watu wamepoteza nyumba, na misikiti, na shule, na makaburi. Makaburi, Sufiani. Mama yangu yuko chini ya pima sita za maji ya chumvi. Wanapanda hapa kuambiwa kwamba kuna kitu kimoja kilichobaki kizima. Unataka wewe ndiye usimame uwaambie hicho nacho kimekwenda, na kimekwenda kwa sababu ya dakika tisa?"

Sufiani alikaa mbele ya kioo, akamwagiza Karani, na vikolezo arobaini na kimoja vikatoka kwa sekunde sita. Alikisikiliza cha fidla, cha ishirini na tatu. Kilipanda kwa woga kidogo, kikageuka kwa madaha, kikashuka na kukaa mahali pake kama ndege anayejua tawi lake. Kilikuwa kizuri. Angekitia mle, Riziki angekipiga akilia, na Sufiani Mhando angebaki kuwa kijana wa dakika tisa.

Alikitia kwenye simu yake, akatoka. Alipofika njiani alijikuta anatembea upande ambao hakuwa ametembea kwa miezi miwili.

*

Bi Mize aliishi nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya iliki. Alikuwa kibarazani, ubao mapajani, kipande cha nailoni juu yake, na mkononi ile kalamu ya meno matano ambayo Sufiani alikuwa amesikia habari zake tu: ukiiburuta mara moja inachora mistari yote mitano ya nota. Macho yake yalikuwa meupe kwa mtoto wa jicho. Mkono ulipita kutoka kushoto kwenda kulia, mistari ikaja imenyooka. Haukutetemeka hata kidogo.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Hatua hizo nazijua. Zina haraka hata zikija kuomba." Aliiburuta kalamu tena. "Umeniletea shairi jingine?"

"Hapana."

"Afadhali. Keti."

Aliketi. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yalikuwa yamemkimbia. Badala yake alitoa simu. "Nataka usikie kitu, bibi."

Kikolezo kilipigwa mpaka mwisho. Kalamu ya Bi Mize ilisimama hewani.

"Nani huyo?"

"Mzee Chande. Baba yake Riziki."

Bi Mize alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Chande alikuwa hamalizi, mjukuu wangu. Hata chai alikuwa hamalizi, mkewe alikuwa akimsema kwa hilo. Akifika mwisho wa kikolezo anakiacha wazi, kama mtu aliyeitwa nje. Huyu wako kaaga kila mtu, kafunga na mlango."

"Basi unakikumbuka. Niimbie, nikiandike."

"Namkumbuka yeye. Nota niliziandika ili nisizikumbuke. Kwani kuandika kuna kazi gani nyingine?"

Sufiani aliona uso wa Bi Mize ukibadilika pole pole, kama mtu anayehesabu watoto na kukuta hawatimii.

"Kwa nini unaniuliza cha Chande? Kimeandikwa. Cha ishirini na tatu."

Akamwambia. Alimwambia habari ya muhuri, na viitikio arobaini na kimoja, na moshi. Sauti yake haikuwa kubwa. Bi Mize hakumkatiza. Alipomaliza, kizee aliitafuta ncha ya nailoni kwa kidole, akaipachika kalamu, akachora mistari mingine mitano. Kisha mingine.

"Nilikutumia ujumbe," alisema mwishowe. "Uliupata?"

Mtandao wa mlimani ulijulikana kwa kumeza ujumbe wa watu. Angesema hakuupata, na kijiji kizima kingemwamini, na Bi Mize mwenyewe angeulaumu mtandao. Sufiani aliutazama mkono ule usiotetemeka.

"Niliupata. Niliusikiliza mara mbili."

"Mara mbili. Na hukuja."

"Ulilikataa shairi langu."

Ng'ombe alilia mahali fulani chini ya bonde. Bi Mize alikiweka kile kipande cha nailoni kando.

"Kumbe ni hilo," alisema. Hakusema kwa hasira, na Sufiani angependa sana kama angesema kwa hasira. "Lile shairi lilikuwa na mstari mmoja mzuri. Mzuri kweli. Sikutaka kuusema mbele ya wale wawili, ungevimba kichwa. Nilisema ukija kwa ajili ya viitikio, nitakwambia ni upi."

"Ni upi?"

Midomo ya Bi Mize ilitikisika, ikitafuta.

"Nimeusahau," akasema.

Halafu akamsukumia kalamu na nailoni. "Nina kumi na viwili kichwani. Vya zamani, vya wale niliopiga nao. Vingine vimekwenda. Andika kabla sijachoka. Na uandike taratibu, nikisema rudia, urudie."

Aliimba. Sufiani aliandika kwa mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni, na kila aliposema ameshapata, Bi Mize alisema bado. Walimaliza jua likiwa limepita utosi. Vikolezo kumi na viwili, vipimo arobaini na vinane.

Alipoinuka aliuliza, "Mwalimu anataka tujaze vilivyobaki. Nifanyeje, Bi Mize?"

"Leo ndiyo umejua kuuliza," kizee akajibu. "Lakini mimi si mwenyewe wa hao waliobaki. Waulize wenyewe."

*

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya okestra, shati halina pasi. Hakusimama nyuma ya ngoma. Aliwaambia yote, na alipofika kwenye ujumbe hakuuruka. "Sikwenda kwa kuwa nilikuwa nimenuna," alisema, na ndani ya ukumbi mkubwa namna ile neno lilionekana dogo mno kwa kilichotokea.

Hakuna aliyepiga kelele. Mpiga sello, yule wa mbuzi, aliilaza ala yake chini kwa uangalifu, akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

"Kumi na viwili vimerudi," Sufiani akaendelea. "Ishirini na tisa havina mtu anayevijua. Karani ametengeneza vinavyofanana navyo. Ninavyo hapa. Nimekuja kuwauliza. Mkitaka, nitavitia. Mkitaka paachwe wazi, pataachwa wazi."

"Nisikie cha baba," Riziki akasema.

Alimpigia. Riziki alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vya mkono wa kushoto vikikifuata kikolezo juu ya shingo ya fidla bila kugusa nyuzi. Kilipokwisha, alivikunja vidole.

"Ni kizuri," alisema. "Ni kizuri kumshinda baba. Kifute."

"Riziki," Zaharani akaingilia, "fikiri. Watu wanakuja kusikia kwao. Wanakuja kusikia mashimo?"

"Mashimo ni yetu, Mwalimu. Hicho ni cha nani?"

Zaharani aliwatazama wengine, mmoja mmoja. Mpiga nai alitikisa kichwa. Mpiga udi alisema mjomba wake alikuwa mtu wa kununa akiigizwa. Hakuna aliyesema ajaziwe.

"Mwanzo wake ninaujua," Riziki aliongeza, sasa akimwambia Sufiani peke yake. "Vipimo viwili hivi. Mwisho sikuwahi kuuhitaji. Ulikuwa umeandikwa."

"Tutauandika huo mwanzo."

"Utauandika. Kisha upaache palipobaki. Na usidhani nimekusamehe."

"Sidhani," Sufiani akasema.

Zaharani alikifunga kitabu chake. "Basi na sisi tutanyamaza pamoja nao: vipimo vinne vya kimya, mara ishirini na tisa. Okestra nzima imenyamaza, kila mtu ameinua ala yake. Mungu atusaidie tusichekwe."

*

Karani alikataa. Hakukataa kwa maneno, alifanya alivyofundishwa. Kila alipofika kwenye vipimo vinne visivyo na nota, alivikunja kuwa kimoja, akaandika tarakimu ya nne juu yake, akausogeza wimbo karibu ili kujaza nafasi. Kimya, kwa Karani, ni mahali pa kuokoa ukurasa. Sufiani aliandika amri, Karani akakunja. Akaandika nyingine, akakunja penginepo. Muhuri ndio uliokuwa umeyaficha hayo yote ndani yake. Kila kiitikio kilipogongwa, kimya kililainishwa kama kasoro ya uchapaji.

Hakukuwa na njia ila moja. Aliufungua ubongo wa mtambo, akaanza kutoa kazi yake mwenyewe, mstari kwa mstari, ile kazi aliyoiona peke yake. Aliutoa muhuri. Akaitoa mikato hamsini na nane. Akamrudishia Karani ule upumbavu wake wa zamani wa kujaribu na kukosea na kurudi nyuma. Akampa sharti moja jipya: kila kimya kichorwe chote, vipimo vinne vipana, vitupu, na hakuna ukurasa wa mtu yeyote utakaofunguliwa ndani yake.

Alibonyeza asubuhi, jogoo wanawika. Kioo kikamwambia, *saa kumi na moja.*

Angeweza kwenda zake. Mtambo hauhitaji kuangaliwa. Alivuta kigoda akakaa, akaangalia kurasa zikipangwa na kupanguliwa, fidla ikisukuma udi, udi ukisukuma nai, na katikati yao vile vyumba vitupu vikija na kwenda mpaka vikapata mahali pa kukaa. Mpiga sello alimletea chai mchana, akaiweka chini bila kusema, akaondoka. Jua lilipokaribia kuzama Karani alisimama. Sufiani alivihesabu vitupu vyote kwa kidole. Ishirini na tisa, kimoja nusu.

*

Siku yenyewe watu walijaa mpaka madirishani. Riziki alimwonyesha kigoda pembeni yake. "Utanifungulia kurasa," alisema. "Nataka uone kwa karibu."

Zaharani aliwaambia watu kabla ya kuanza, kwa maneno machache, kwamba kuna waliopotea njiani, na kwamba wimbo utawangoja mahali pao. Hakumtaja Sufiani. Sufiani alikuwa amemwomba amtaje, naye akamjibu kuwa siku ile haikuwa yake.

Kiitikio cha nne kilipofika, ala tisini ziliinuka na kunyamaza, na ukumbi mzima ulivuta pumzi. Hakuna aliyecheka. Kipimo cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Mahali fulani mtoto aliuliza kama umekwisha. Kisha fidla zikaingia tena na ubeti ukaendelea.

Kwenye cha saba walimsikia marehemu wa kwanza katika wale kumi na wawili, mpiga akodiani wa zamani, na Bi Mize, aliyeketishwa mbele, aligonga fimbo yake chini mara moja.

Kwenye cha ishirini na tatu Riziki alipiga peke yake. Vipimo viwili, vyenye mwanzo uliochangamka, kama mtu anayeingia chumbani na habari. Halafu upinde ukaachana na nyuzi. Ukumbi ukangoja mwisho wake, na mwisho haukuja. Sufiani alitazama kwa pembeni kule mbele, aone kama uso wa Bi Mize utasema ndiyo, hapo ndipo Chande alipokuwa akiacha. Uso haukusema kitu. Huenda ndipo. Huenda hata yeye hakujua. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza.

Baada ya hapo alimwona mzee mmoja katikati ya watu. Alikuwa ameinuka katika kimya cha kiitikio cha ishirini na saba, fimbo mkononi, kofia kifuani, akasimama vipimo vyote vinne, akaketi. Katika cha thelathini na moja akainuka tena.

"Ni nani?" Sufiani alinong'ona.

"Mzee Semkiwa." Riziki hakugeuza kichwa. "Mkewe alikuwa mpiga kanuni wetu. Alikufa miezi miwili kabla maji hayajaja. Bi Mize alimwandika, lakini namba imemtoka, na mzee hakuwa amepata kuusikia ukipigwa. Hajui kiitikio kipi ni cha mkewe."

Sufiani alijua daftari la mtambo lilivyosema. Kati ya vile ishirini na tisa, vya mstari wa kanuni vilikuwa sita, na hakuna nukta iliyobaki ya kuonyesha ni kipi kati ya hivyo sita. Mzee Semkiwa alikuwa anawatazama wapiga kanuni. Kila walipoinua vidole pamoja na wengine na kuvirudisha mapajani bila kupiga, na kiongozi akageukia upande wao, yeye alishika fimbo akainuka. Alisimama mara ya tatu, ya nne, ya tano. Kila mara aliinuka polepole zaidi, na kila mara mtu wa jirani alitaka kumsaidia, naye akamkatalia kwa kiganja.

Ya sita ilikuwa katika kiitikio cha hamsini na tano. Sufiani alitaka kuinamisha macho, akakumbuka kwa nini ameketishwa pale. Aliangalia. Mzee alikuwa amesimama, midomo imefumbwa, akisikiliza kwa bidii kama mtu aliyeambiwa ataitwa. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne.

Okestra ikaingia. Mzee Semkiwa alibaki amesimama kidogo ndani ya muziki, akatazama huku na huku, kisha akaketi.

"Ukurasa," Riziki akasema.

Sufiani aliufungua.